Honda Vezel ya haibridi iliyotumika: kusoma dalili kabla ya kulipa

Mnunuzi wa Honda Vezel ya haibridi akifika yadi, jambo la kwanza analouliza ni betri kubwa: imebaki na maisha kiasi gani, na ikifa mpya ni bei gani. Wauzaji wanalijua swali hilo. Gari linawashwa, mistari ya chaji inaonekana imejaa, na mazungumzo yanahamia kwenye bei. Lakini kwenye gari hili betri siyo inayomaliza pesa za watu wengi. Ni giaboksi. Vezel ya kizazi cha kwanza ina giaboksi ya gia 7 yenye klachi mbili kavu, na klachi kavu haipendi kutambaa. Foleni ya Ubungo saa 12 jioni, ya Mombasa Road au ya Daraja la Nyali ni kutambaa mwanzo mwisho. Kwa hiyo hapa giaboksi imepewa nafasi kubwa, na mengine yanapitiwa kwa kadiri ya uzito wake.

Ni Vezel ipi hasa

Soma kibati cha utambulisho. DAA-RU3 ni haibridi inayovuta kwa magurudumu ya mbele, DAA-RU4 ni haibridi inayovuta kwa magurudumu yote 4. DBA-RU1 na DBA-RU2 ni za petroli tupu, zenye CVT (giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua), na magonjwa yake ni mengine kabisa. Ukikaa kwenye kiti cha dereva tofauti inaonekana haraka: haibridi ina kishikio kifupi cha gia cha umeme na kitufe cha P peke yake, na badala ya kungoja injini ingurume unangoja neno READY kwenye dashibodi.

Gari hili lilianza kuuzwa Japani Desemba 2013, likabadilishwa sura kidogo Februari 2018, na Aprili 2021 kikaingia kizazi cha pili chenye mfumo wa mota mbili usio na klachi hizi. Ukikuta RV5 au RV6 kwenye kibati, sehemu kubwa ya maelezo haya haikuhusu.

Za mwaka 2014 zina jambo lake. Mwaka huo Honda iliziita karakana zaidi ya mara moja kurekebisha programu za giaboksi na za injini. Gari ambalo mwenyewe hakulirudisha, likapita mnadani na kupanda meli, huenda bado linaendeshwa na programu ya zamani. Honda ya Japani ina ukurasa wa kuingiza namba ya chesisi na kuona kama kuna kazi iliyobaki. Ni wa Kijapani, lakini programu ya kutafsiri kwenye simu inatosha. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chagua la baada ya Februari 2018.

Vitu vya kubeba ni vichache: mita ya umeme, tochi, simu, na skana ya OBD (kifaa cha kusoma kompyuta za gari) inayoweza kuingia kwenye mifumo yote ya Honda. Ile ndogo ya bei nafuu inayosoma injini tu haitakuonyesha giaboksi wala betri, na hizo ndizo ulizoendea. Kama huna, mlipe fundi mwenye nayo aje. Muuzaji akikataa gari lisisomwe, umeshapata jibu lako bila gharama.

Gari liwe baridi

Mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Ukifika, gusa injini. Ikiwa ya moto na yeye anasema halijawashwa leo, jiulize anaficha nini cha asubuhi.

Kabla ya kubonyeza kitufe, pima betri ndogo ya volti 12. Gari likiwa limelala saa kadhaa, volti 12.4 hadi 12.7 ni nzuri. Chini ya 12.2 betri imechoka. Halafu washa hadi READY itokee. Kwa kawaida volti zinapanda kufika kati ya 13.5 na 14.5. Zikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, basi kigeuza umeme kinachotoa chaji kutoka betri kubwa kwenda ndogo hakifanyi kazi. Hakuna alteneta ya kulaumu hapa. Haibridi hii haina.

Dalili: taa nyingi zinawaka kwa mkupuo

Breki, giaboksi, stelingi na taa ya kuzuia kuteleza vyote vinalalamika kwa wakati mmoja. Wanunuzi wengi hukimbia wakiona hivi, na wengi hukimbia bure. Chanzo cha kawaida ni betri ndogo dhaifu, au vichwa vya betri vilivyolegea au kuota kutu. Kompyuta zote za gari zinaishi kwa volti 12, na umeme ukiyumba wakati wa kuwasha kila moja inaandika hitilafu yake. Badili betri, futa kodi za hitilafu kwa skana, endesha. Taa zisiporudi, punguza bei kidogo ununue. Ikirudi moja peke yake, hiyo sasa ndiyo yenye habari.

Kinyume chake ni hatari zaidi: dashibodi safi kupita kiasi. Muuzaji anaweza kufuta kodi asubuhi, au kuchomoa tu kichwa cha betri kwa muda. Fungua kwenye skana sehemu inayoonyesha kama mifumo ya injini imemaliza kujipima yenyewe. Kama mingi inasema haijakamilika kwenye gari linalodaiwa kuendeshwa kila siku, kumbukumbu imefutwa karibuni. Muulize kwa nini.

Jinsi giaboksi inavyochoka

Hapa lazima uelewe kinachoendelea, maana dalili zote zinatokana nacho. Mota ya umeme, yenye nguvu ya farasi 29.5, imefungwa kwenye shafti ya gia za namba witiri: 1, 3, 5 na 7. Betri ikiwa na chaji ya kutosha, gari linaondoka kwa mota na klachi zinapumzika. Chaji ikishuka, injini ndiyo inalazimika kulitoa gari lililosimama, na hapo klachi inateleza kidogo kidogo hadi kasi ilingane. Kuteleza ni joto, na klachi kavu haina oili ya kulibeba joto hilo.

Sasa ongeza hali ya hewa ya Pwani. Kompresa ya AC kwenye Vezel ya haibridi ni ya umeme, kwa hiyo kwenye foleni inakula betri hata injini ikiwa imezima. Betri inashuka, injini inaamka, klachi inaanza kuteleza kila mita 3 unazosogea. Gari lililotumika Japani vijijini kilomita 90,000 linaweza kuwa na klachi bora kuliko lililotumika Dar au Nairobi kilomita 30,000. Ndiyo maana gari lililoingia nchini miaka 4 iliyopita na kushika foleni kila siku linahitaji jaribio kali kuliko lililoshuka bandarini juzi, hata likiwa na namba ndogo kwenye odomita.

Jaribio la dakika 40

Kuzunguka mtaa mara moja hakuonyeshi kitu, maana klachi yenye kasoro inajificha ikiwa baridi na betri ikiwa imejaa. Fanya hivi:

1. Washa AC kwenye baridi ya mwisho, ingia barabara yenye foleni, tambaa. Angalia mistari ya betri ikishuka hadi 2 au 3.
2. Tafuta mlima. Simama katikati, bonyeza BRAKE HOLD (kitufe kinachoshikilia breki ukiachia pedeli), subiri sekunde chache, kisha ondoka kwa kugusa mafuta taratibu. Rudia mara 3 au 4.
3. Rudi nyuma ukipanda mlima huohuo, polepole. Hili ndilo jaribio ambalo giaboksi mbovu haiwezi kulidanganya.
4. Toka barabara wazi, bonyeza SPORT ili injini isizimezime, kanyaga nusu na uangalie kila gia ikiingia hadi ya 7. Kwenye gari lenye vibonyezo nyuma ya stelingi, shikilia gia ya 5 ukiwa kwenye kilomita 70 kwa saa, kanyaga. Rudia kwenye ya 6.
5. Punguza mwendo hadi kusimama bila kukanyaga breki kwa nguvu, mara kadhaa, ukisikiliza gia zikishuka.

Skana ibaki imechomekwa muda wote. Joto la giaboksi na la betri ndizo namba za kufuatilia.

Dalili: gari linatetemeka linapoondoka

Kwanza tenga kinachotetemeka. Liweke P, ngoja injini iwake yenyewe. Likitetemeka hapo pia, klachi haihusiki. Tafuta kwenye plagi, koili, nozeli au maunti (raba zinazoshikilia injini). Maunti iliyochanika inatoa pia mlio mmoja wa "ko" unapohama kutoka D kwenda R, na ni kitu cha bei ndogo ambacho mafundi wengi huwauzia watu kama ugonjwa wa giaboksi.

Likitetemeka tu wakati wa kuondoka, angalia linatetemeka lini. Mtikisiko hafifu wa nusu sekunde injini inapopokea kazi kutoka kwa mota ni tabia ya gari hili, hasa za kabla ya 2018. Mtikisiko unaofika kwenye kiti na kuendelea mpaka kilomita 15 kwa saa siyo tabia. Ukitokea gari likiwa limepata moto tu, uso wa klachi umeungua na kung'aa. Ukitokea baridi na moto vilevile, huenda klachi ni nzima lakini kompyuta haijui tena inashika wapi. Hiyo hutokea baada ya kubadili klachi, kiendeshi chake au kompyuta ya gia bila kulifundisha gari upya kwa skana. Zoezi hilo ni la muda mfupi, na likifanikiwa mtetemeko unakwisha palepale. Mwombe muuzaji alifanye kabla ya kununua, kwa gharama yake. Asipotaka, hesabu kwamba ni klachi.

Ingia chini na tochi. Pale injini inapokutana na giaboksi pakiwa na unyevu wa oili, kuna sili inayovuja, na oili ikiigusa klachi kavu hakuna kuifundisha kutakakosaidia. Klachi inabadilishwa na sili yake.

Kuna fundi atakayekwambia "haibridi zote ziko hivyo". Hazipo hivyo. Liendeshe jingine lililo zima utaona.

Dalili: ujumbe wa giaboksi kupata joto

Unakuja kwa Kijapani na mchoro wa gia au kipimajoto. Piga picha, tafsiri. Ukitokea baada ya muda mrefu wa kupanda mlima mkali kwenye foleni, gari linajilinda tu: weka P mahali salama, usizime, subiri ujumbe uondoke. Ukitokea ndani ya dakika 40 za jaribio kwenye barabara ya kawaida, klachi imekwisha au inateleza bila sababu. Achana nalo, au punguza kwenye bei gharama yote ya klachi pamoja na kazi.

Gharama hiyo iulize kwa fundi kabla ya kwenda yadi, maana siyo klachi ya Corolla. Giaboksi lazima ishuke, kunahitajika vifaa maalumu vya kuitoa na kuirudisha klachi mbili, na mwishoni kompyuta ifundishwe. Wapo wanaoshauri kuchukua giaboksi nzima iliyotumika kutoka Japani. Inawezekana, ila unanunua klachi nyingine usiyojua ilivyoliwa, na ikiwa ya mwaka mwingine programu zinaweza zisielewane. Seti mpya ya klachi ni bora, hata ikichelewa kufika.

Dalili: RPM inapanda, kasi haipandi

Hii ndiyo sababu ya jaribio la gia ya 5 na ya 6. Zinatumia klachi mbili tofauti: ya witiri na ya shufwa. Kuteleza kwenye moja tu kunakwambia ni ipi. Kwa upande wa pesa haikusaidii, maana zinauzwa na kubadilishwa kama seti, lakini inakuondolea shaka kwamba tatizo ni injini isiyo na nguvu. Injini dhaifu haipandishi RPM bila kasi. Inakaa tu, nzito.

Dalili: gia inachelewa, inagonga, au gari linapoteza mvuto ghafla

Kugonga kidogo linaposhuka kutoka 2 kwenda 1 likikaribia kusimama ni kawaida. Kugonga kunakorusha kichwa, au kungoja sekunde 2 baada ya kuchagua R, siyo kawaida. Klachi na gia zinasukumwa na haidroliki yenye pampu ya umeme, na mfumo huo una chombo chake cha mafuta kwenye boneti. Kikiwa chini ya alama kuna mvujo. Pampu ikilia mfululizo gari likiwa limetulia, shinikizo linapotea mahali fulani. Mafuta meusi au yenye hewa ndani yanaleta dalili zilezile, na hapo kuyabadilisha na kutoa hewa kwa skana kunaweza kumaliza kazi yote. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko tu.

Oili ya gia zenyewe ni habari nyingine, na hapa ndipo gari hili linapoharibiwa na watu wenye nia njema. Kwa kuwa Vezel ya petroli ina CVT na hutumia HCF-2, oili ya Honda ya CVT, baadhi ya mafundi huimimina hiyohiyo kwenye haibridi. Siyo yake. Muulize muuzaji ilibadilishwa lini na kwa oili gani. Akijibu "ya CVT" kwa kujiamini, panga kuimwaga na kuweka inayotajwa kwenye kitabu cha gari, na iangalie kama ina chembe za chuma.

Betri kubwa

Ni ya lithiamu, seli 48, volti 172.8, imelala chini ya sakafu ya buti. Kwa umri wake huwa inavumilia zaidi kuliko uvumi unavyosema. Mistari kwenye dashibodi haipimi afya. Inapima chaji ya sasa hivi. Tazama inavyosogea. Betri nzima inashuka na kupanda kwa utulivu. Iliyochoka inaruka: imejaa, dakika moja baadaye mistari 2, mteremko mfupi tu na imejaa tena. Chombo kimekuwa kidogo, kwa hiyo kinajaa na kuisha upesi. Dalili nyingine ni injini isiyozima kabisa kwenye foleni hata baada ya kupata moto, na matumizi ya mafuta. Vezel ya haibridi iliyo salama kwenye mchanganyiko wa mji na barabara kuu huenda kilomita 15 hadi 20 kwa lita. Ile 27 inayotajwa na madalali ni kipimo cha maabara cha Japani kwa toleo jepesi. Ikishuka chini ya 13 bila sababu ya wazi kama tairi laini au breki inayokaba, kuna kitu.

Kwa skana, linganisha seli yenye volti kubwa na yenye volti ndogo gari likiwa limetulia. Tofauti ya 0.05 au chini ni nzuri. Ikizidi 0.1, au ikipanuka sana unapokanyaga mafuta, kuna seli dhaifu.

Kabla ya kuihukumu betri, angalia feni yake. Inavuta hewa kutoka ndani ya gari, pamoja na vumbi, nywele na manyoya ya viti. Tundu lake likizibwa na mizigo au vumbi, betri inapata joto, kompyuta inapunguza matumizi yake, na gari linakuwa kama lina betri mbovu. Feni inayolia kwa nguvu nyuma muda wote ni ishara. Kuisafisha ni kazi ya saa chache.

Tahadhari ni moja: kebo za rangi ya chungwa hazishikwi. Volti 172.8 za umeme wa moja kwa moja zinaua. Fundi anayefungua kifuniko cha betri bila kuchomoa plagi ya usalama, bila glavu za umeme, na bila kungoja angalau dakika 5 na kupima, asiguse gari lako. Na anayekuahidi "kuchomeka seli mbili tatu mpya" kwenye betri ya lithiamu anakuuzia tatizo la miezi michache ijayo, kwa sababu seli zisizolingana zinavutana.

Breki

Pedeli ya Vezel ya haibridi haisukumi breki moja kwa moja. Inapeleka taarifa kwa mota inayosukuma mafuta, huku mota ya kuendesha gari ikirudisha umeme kwenye betri. Kwa hiyo pedeli inayohisi tofauti kidogo na gari la kawaida si tatizo. Tatizo ni pedeli inayozama ukishikilia, inayokuwa ngumu ghafla, au taa ya breki ya njano na nyekundu zikiwaka pamoja huku betri ndogo ikiwa nzima. Hapo kitengo cha kusukuma breki kinaweza kuwa kimeharibika, na ni cha bei kubwa. Jaribu kwanza mafuta ya breki: kama ni meusi, au kama karibuni kuna mtu alibadilisha pedi na kuingiza hewa, yabadilishwe na hewa itolewe kwa kutumia skana. Kutoa hewa kwa kukanyaga tu, kama kwenye gari la zamani, huacha hewa ndani ya kitengo.

Pedi hudumu muda mrefu kwa sababu mota inafanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, na kudumu huko kuna ubaya wake: disku zinaota kutu na pini za kalipa zinaganda. Baada ya jaribio, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko mengine, kalipa imekaba, na umepata pia sababu ya mafuta kuliwa.

Breki ya mkono ni ya umeme. Vuta kitufe usikilize mota za nyuma zote mbili. Ikisikika moja tu, au mlio wa kusaga, huenda kuna aliyebadilisha pedi za nyuma kwa kulazimisha pistoni na klampu badala ya kuiweka kwenye hali ya matengenezo.

Injini

Ni LEB ya lita 1.5, nguvu farasi 132, inayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa kuwa petroli haipiti kwenye valvu za kuingiza hewa, hakuna kinachoziosha, na masizi yanajenga. Dalili ni mtikisiko injini ikinguruma gari likiwa limesimama na bado ni baridi, unaopungua likipata moto, na kodi za P0300 hadi P0304. Anza na plagi na koili: hamisha koili ya silinda inayolalamika uipeleke nyingine, kodi ikihama nayo, koili ndiyo. Isipohama, pima nozeli, maana petroli chafu inaziua mapema. Masizi yanasafishwa mwisho, baada ya hayo.

Oili yake ni 0W-20. Vuta kijiti. Oili nzito kama asali ni ya 20W-50, na mtu haiweki hiyo kwenye Vezel ila kwa kunyamazisha mlio au kupunguza moshi wa bluu. Kwenye rejeta, kulanti ya Honda ni ya bluu. Ukikuta maji matupu yenye kutu, uliza kwa nini iliwahi kumwagwa.

Mengine

AC ikishindwa kupoza, usikubali "kuongezewa gesi" mahali popote. Kompresa ya umeme inahitaji mafuta maalumu yasiyopitisha umeme. Mafuta ya kawaida yakiingia yanaweza kusababisha umeme kuvuja na gari likakataa kabisa kuwa READY.

Shokapu za mbele, bushi na linki za stabilaiza zinachoka kwa barabara zetu, lakini vyote ni vya kubadilika bila machozi. RU4 imekaa chini kidogo kuliko RU3, kwa hiyo kwa anayeishi ndani kwenye barabara ya vumbi, kuvuta kwa magurudumu 4 hakumaanishi kupita kila mahali.

Mafuriko yana uzito zaidi, kwa sababu betri iko sakafuni. Inua zulia la buti, mulika pembe zote. Tope laini, boliti zenye kutu kwenye gari ambalo kwingine ni safi, au harufu ya kitambaa kilicholowa na kupuliziwa manukato vinatosha kuachana nalo, hata kila jaribio likipita. Kutu nene chini ya bodi kwa usawa ni jambo jingine: gari limetoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi.

Karatasi ya mnada, kama ipo, isome mwenyewe. R au RA kwenye daraja ni gari lililogongwa na kutengenezwa. XX juu ya mchoro ni kipande cha bodi kilichobadilishwa, W ni kilichonyooshwa, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea. XX kwenye mlango wa buti au ubavu wa nyuma wa gari lenye betri nyuma inataka tochi na muda. Kilomita zilinganishe na cheti cha kusafirisha nje kutoka Japani, ambacho huandika odomita ilivyosomeka ukaguzi wa mwisho kule. Namba ya leo ikiwa ndogo kuliko hiyo, mmeshamaliza mazungumzo.